Nani Alimpa Maz Ule Upanga?

Ahsanteni. Bwana mwenyekiti amenitambulisha vizuri, ila amesema nitazungumzia filamu za sayansi ya kubuni kwa jumla. Hapana, sitazungumza kwa jumla. Wanaonijua mjini hapa wanajua nitasema Star Wars, zile filamu za vita vya angani, tena nitasema zile tatu za mwisho, za 2015, 2017 na 2019, na nitaanza na upanga. Asiyezijua kabisa na amwulize aliye karibu naye. Nikianza 1977 adhana ya Magharibi itatukuta tungali hapa.

Haya, upanga. Katika The Force Awakens, ile ya 2015, yumo Maz Kanata. Ni bibi mfupi, miwani mikubwa, umri wake umepita miaka elfu. Sauti na miondoko ni ya Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu, aliyetoka kupokea Oscar mwaka mmoja kabla. Chini ya ngome ya Maz mna sanduku, Rey, binti ambaye ndiye shujaa wa filamu hizi tatu, analifungua, na ndani mna upanga wa mwanga wa Luke, shujaa wa filamu za kwanza. Sasa upanga huo tuliuona ukipotea mwaka 1980! Vader, adui mkubwa, alimkata Luke mkono, mkono na upanga vikaporomoka pamoja kwenye shimo la ule mji wa mawinguni. Basi Han Solo, rubani rafiki wa Luke, anauliza swali ambalo kila mtu ukumbini alikuwa nalo: umeupata wapi? Maz anajibu kwamba hilo ni swali zuri, la wakati mwingine.

Tukasema sawa, tutangoja. Msimulizi ana haki ya kutungojesha. Tukangoja 2017, Maz akatokea kwa dakika chache akipigana na watu tusiowajua, upanga hakuutaja. Tukangoja 2019. Filamu ya mwisho, hakuna nyingine baada yake katika hadithi hii. Maz yumo. Na mnajua anafanya nini? Anampa Chewbacca, yule mwenzake Han mwenye manyoya, nishani! Mwaka 1977 Luke na Han walivishwa nishani, Chewbacca akatoka mikono mitupu, na mashabiki walilalamika tangu siku hiyo. Kwa hiyo walikumbuka lalamiko la miaka 42, wakamtuma Maz huyu huyu alilipe, na swali ambalo Maz mwenyewe alilibeba kinywani wakaliacha. Mtu kaandika onyesho hilo, mwingine kalisoma, mwingine kalipiga picha, na hakuna hata mmoja aliyesema: jamani, bibi huyu si tunadaiwa naye jambo?

Kuna atakayeniambia, ndugu, ni upanga tu. Nimeshaambiwa hivyo barazani, kwenye matatu, mpaka msibani. Sikilizeni. Upanga ni dalili. Unaonyesha kwamba aliyeianza hadithi hakujua itaishia wapi. Disney waliinunua Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4. George Lucas, aliyeibuni Star Wars, aliwapa muhtasari wa hadithi alizozifikiria, wakaziweka kando. Si kosa, mwenye mali ni mwenye mali. Lakini ukiweka kando ramani ya mwenzako, chora yako! Wao filamu ya kwanza wakampa J.J. Abrams aiongoze, ya pili Rian Johnson, ya tatu wakampa Colin Trevorrow, wakaachana naye 2017, wakarudi kwa Abrams. Hapakuwa na mtu aliyeshika hadithi nzima kichwani.

Sisi watu wa Mombasa hili la watunzi wawili kujibizana hatufundishwi na mtu. Tangu enzi za Muyaka, mshairi akirusha shairi, anayemjibu anaweza kumpinga kila neno, lakini vina vyake anavifuata na mizani yake anaihesabu. Ndiyo maana shairi na jibu lake husomwa pamoja na kuleta raha. Johnson alimpinga Abrams. Abrams aliporudi akampinga Johnson. Vina hakufuata hata mmoja.

Na hapo ndipo pananiuma kuliko kwengine kote, kwa sababu ya yule binti, Rey. Swali la Rey katika filamu ya kwanza ni wazazi wake. Katika mji huu swali hilo halihitaji maelezo. Ukiingia harusini Kuze au Kibokoni, kahawa haijakufikia ushaulizwa: wewe wa kina nani? Ukitaja ukoo wenye jina, unasogezewa mto. Ukitaja wazazi wasiojulikana, watu wanasema aa, haya, na mazungumzo yanahamia kwa mwengine. Wangapi humu ndani yamewakuta? Sawa, msinyooshe mikono.

Sasa filamu ya pili, ya 2017, ikamjibu Rey. Akaambiwa wazazi wake walikuwa wachuuzi wa vyuma chakavu, walimwuza ili wapate pesa ya ulevi, na wamezikwa makaburi ya mafukara. Si wa kina mtu! Na bado Nguvu, ule uwezo wa ajabu wa mashujaa wa hadithi hizi, iko naye. Filamu ile ina makosa, nitayataja nikipata nafasi, lakini jibu lile lilikuwa na ujasiri. Mwishoni kabisa kuna mtoto anayefagia zizi la wanyama wa mashindano. Ananyoosha mkono, ufagio unamjia wenyewe, kisha anatazama nyota. Mtoto huyo hana hata jina la kukumbukwa. Filamu ilikuwa inamwambia kila aliyewahi kusogezwa kando kwa ajili ya ukoo kwamba naye ana sehemu yake mbinguni kule.

Miaka miwili baadaye wakalifuta jibu hilo. Rey, kumbe, ni mjukuu wa Mfalme Palpatine, adui mkuu wa filamu za zamani. Damu kubwa! Ana nguvu kwa sababu babu yake alikuwa na nguvu. Na yule mtoto wa ufagio hakuonekana tena. Nilitoka kwenye filamu ile nimekasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo, wala siombi radhi.

Najua pingamizi jengine, na hili nalijibu kwa ukali. Wapo wanaosema mashabiki wanalalamika kwa kuwa hawataki wanawake na weusi. Wapo wa namna hiyo, kweli. Kelly Marie Tran, mwanamke aliyeigiza katika filamu ya pili, alitukanwa mpaka mwaka 2018 akafuta picha zake zote Instagram, na waliomtukana ni watu wa aibu, sitasimama safu moja nao. Lakini malalamiko yetu sisi ni kinyume chake. Tulimtaka Finn zaidi! Ameigizwa na John Boyega, kijana mweusi; Finn ni askari aliyeibwa utotoni, hana jina ila namba, anaivua kofia ile nyeupe na kukataa kuua. Wakamweka kwenye bango ameshika upanga. Kisha? Filamu ya pili wakamtuma safari ya pembeni. Ya tatu anazama mchangani, anadhani anakufa, anamwambia Rey kuna jambo hakuwahi kumwambia. Anaokoka. Jambo lenyewe halisemi mpaka filamu inakwisha. Boyega mwenyewe mwaka 2020 aliwaambia Disney waziwazi wasimuuze mhusika mweusi kama nguzo ya filamu halafu wamsukume kando. Alisema yeye, na alikuwamo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Palpatine kwa mbio. Mwaka 1983 Vader alimtupa shimoni ili kumwokoa mwanawe, Luke, na kitendo hicho ndicho kilichomsafisha. Mwaka 2019 karudi, maelezo yake ni kwamba amerudi tu, na tangazo la kurudi kwake lilisikika ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite, si kwenye filamu! Anayesema Carrie Fisher, mmoja wa waigizaji wakuu, alifariki 2016 wakakosa la kufanya, Mungu amrehemu, lakini kifo chake hakikumfufua Palpatine. Luke kumwashia upanga mpwa wake aliyelala nilitaka kulichambua, nafasi sina.

Na msinambie hatupendi vipya. Andor, tamthilia ya Star Wars, ilianza 2022, ikaisha 2025, vipindi 24. Mwisho wa Cassian Andor tuliujua tangu filamu ya Rogue One ya 2016, anakufa, na bado tulikaa kitako tukatazama hadi usiku, kwa kuwa Tony Gilroy, mtunzi wake, alijua anakokwenda na kila alichokianzisha...

Haya, nimekwisha, nimekwisha. Maswali. Dada pale mbele, umekuwa ukitikisa kichwa tangu nilipomsifu Johnson. Anza wewe.