Anayeanza Pikoboli Aanzie Jikoni

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Pikoboli ni mchezo wa kupiga mpira kwa kibao na kuuvusha neti. Nitakaa sana kwenye kipande kimoja cha uwanja wake, maana mgeni akikielewa hicho, mengine atayashika akicheza. Kila upande wa neti kuna eneo la mita 2.13 liitwalo jikoni. Ukiwa humo, au umekanyaga hata mstari wake, huruhusiwi kuupiga mpira ulio hewani; sharti udunde kwanza. Ukiupiga hewani ukiwa nje, kisha kasi yako ikakuingiza ndani, hilo nalo ni kosa. Lakini mpira ukidundia humo, ingia, upige, utoke.

Naipenda sana sheria hii. Ndiyo inayomwezesha bibi kucheza na mjukuu wake na kumshinda, kwa kuwa kijana hawezi kuganda netini akishindilia mipira. Kwa hiyo jifunzeni kwanza mkwaju mfupi, laini, unaovuka neti na kuangukia jikoni kwa mpinzani. Upitisheni katikati, ambako neti ina sentimita 86 tu. Pembeni inafika 91.

Kuanzisha mpira ni kwa kuupiga kutoka chini kwenda juu, kwa mshazari. Wapokeaji wauache udunde, na walioanzisha wakirudishiwa nao wauache udunde. Basi mkianzisha, bakini nyuma. Wengi hukimbilia mbele wakapitwa. Kwa hesabu ya kawaida, anayeanzisha ndiye hupata pointi, hadi 11, kwa tofauti ya mbili.

Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1965 kisiwani Bainbridge, Marekani, juu ya uwanja wa badmintoni, na vipimo vimebaki vilevile: mita 13.4 kwa 6.1. Kwetu Dar hiyo ni neema. Ukumbi wenye mistari ya badmintoni ni uwanja ulio karibu tayari, na uwanja wa netiboli wa saruji unabeba viwili ubavu kwa ubavu. Walimu mliopo, nawasihi, wafungulieni watu wa mtaa Jumamosi.

Mpira ni wa plastiki wenye matundu, na upepo wa baharini huupeperusha. Chezeni asubuhi mapema, kabla jua halijachoma. Viatu viwe vya tenisi. Vya kukimbilia humpindua mtu kifundo anapokwenda pembeni.

La mwisho, hasa kwa wazee: mpira ukipita juu ya kichwa, usiufuate kinyumenyume. Geuza mwili kwanza ndipo ukimbie, na ukiwa mbali uache uende. Pointi moja hailingani na nyonga iliyovunjika.

Vibao viko mezani. Njooni wanne wanne.