Slipu Mbili kwenye Friji: Miaka 25 ya Ajira Michigan

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Grand Rapids, kama ulivyotolewa

Asanteni, kaeni. Najua baadhi yenu mmeshanisikia nikilalamikia jambo hili, na wengine mmefuata pilau. Wote mtasikiliza, maana pilau iko nyuma yangu.

Kila mwezi inatangazwa kwamba ajira zisizo za kilimo Michigan zimepanda elfu kadhaa. Mwanasiasa anapiga kifua. Mimi nauliza lile lile: zimepanda tangu lini? Mgonjwa mahututi naye aweza kuwa na nafuu tangu jana. Anzeni mwaka 2000. Jimbo hili lilikuwa na ajira kama milioni 4.7. Miaka kumi baadaye zikabaki milioni 3.8 hivi. Nchi nzima ilipigwa na mdororo wa uchumi mwaka 2008, sisi tulikuwa tunavuja tangu zamani. Kampuni za magari za GM na Chrysler zilipofilisika mwaka 2009, Michigan tulishakaa matanga miaka. Mwaka 2024 tulikuwa kwenye milioni 4.5 hivi, mtungi bado haujajaa. Marekani nzima, katika muda huo huo, iliongeza ajira zaidi ya milioni 20.

Sasa kuna ndugu ataniambia: “Mwalimu, si nyingi zimerudi? Unanung’unika nini?” Haya, twende jikoni kwa jirani yangu.

Mzee huyu Mmarekani alifanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari miaka 26. Kazi moja. Bima ya afya ya nyumba nzima, ovataimu, likizo ya kwenda kuvua samaki. Kiwanda kikafungwa. Siku nilipoingia kwake kuazima ngazi, nikaona slipu mbili za mshahara zimebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Moja ya duka la vifaa vya ujenzi, asubuhi. Nyingine ya kufagia shule, jioni. Chini yake, bili ya daktari wa meno, haijalipwa. Nikamuuliza, mzee, zote mbili zako? Akasema, “Na bado hazifiki ile moja.”

Sikilizeni basi jinsi anavyohesabiwa. Takwimu hii inatoka kwa waajiri. Wanaulizwa: kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi, mlikuwa na watu wangapi kwenye orodha ya mshahara? Duka linasema, huyu hapa. Shule inasema, huyu hapa. Kwenye jedwali ni ajira mbili. Zamani alikuwa moja! Nyumba imerudi nyuma, jedwali limesonga mbele. Mke wake analea watoto wa majirani pale pale sebuleni, analipwa taslimu: hayumo. Mpwa wake anachuma tufaha kule Sparta: hayumo, hicho ni kilimo. Na wewe unayeendesha abiria kwa programu ya simu, usicheke, nawe huhesabiwi. Watu wanne wanafanya kazi, jedwali limeona ajira mbili, na zote mbili ni za mtu mmoja.

Ndiyo, najua, kuna takwimu nyingine inayouliza kaya, na huko mwenye kazi mbili huhesabiwa mara moja. Naijua kabla hujanyoosha kidole. Lakini vichwa vya habari vinapenda ile ya waajiri, basi ndiyo ninayogombana nayo.

Na ile friji yenyewe! Nilichungulia kibandiko ndani ya mlango: imetengenezwa Greenville. Hapo tu, chini ya saa moja kwa gari. Mji wa watu kama 8,000, na kiwanda cha friji cha Electrolux kilichoajiri 2,700. Mwaka 2006 kikafungwa, kazi ikaenda Juárez, Mexico. Mji wa namna hiyo haupotezi mishahara 2,700 tu. Kinyozi naye anakosa vichwa.

Mwaka 2000 karibu ajira moja kati ya tano Michigan ilikuwa ya kiwandani. Viwanda vilipoteza karibu nusu ya watu wao kwa miaka kumi. Baadhi wamerudi, lakini hospitali na nyumba za wazee ndizo zilizokuwa zinapanda wakati wote huo, na humu ukumbini nadhani nusu yenu mnajua zamu ya usiku ya huko ikoje.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema habari za Aprili 2020, wakati wa korona, ajira kama milioni moja za Michigan ziliyeyuka kwa miezi miwili. Na mgomo wa GM wa 2019, aliyegoma kipindi kizima cha tarehe 12 alitoweka hesabuni kana kwamba kafukuzwa. Na tarakimu zenyewe husahihishwa kila mwaka kwa kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, kwa hiyo aliyeshangilia Januari huenda Machi akajikuta alishangilia hewa. Basi, yataka siku nyingine.

Mzee pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja Greenville. Ulikuwa kiwandani?