Mmeniuliza kuhusu besiboli: mishahara, mabasi ya usiku na mzozo wa Desemba

Hamjambo ndugu zangu. Dada yenu niko jikoni kwangu hapa Indianapolis, ni Januari, theluji imejaa dirishani. Ngoja niegemeze simu kwenye sufuria hili… haya, nadhani sasa mnaniona.

Ile video ya majira ya joto, nimekaa na mwanangu kwenye nyasi za uwanja wa Victory Field, imeniletea maswali mengi kuliko video zangu zote za mwaka jana. Nilidhani mtaniuliza bei ya vyakula. Mmeuliza besiboli! Wengi hamjawahi kuutazama mchezo wenyewe, lakini mnataka kujua watu wanalipwaje, wanaingiaje, na huu ugomvi wa mwisho wa mwaka ni wa nini. Nimeyasoma yote. Leo nakaa nanyi.

Kaka wa Kahama, na wengine kama kumi hivi: "Dada, ni kweli kuna mtu kasaini dola milioni 700?" Kweli kabisa. Anaitwa Shohei Ohtani, Mjapani, alisaini na Los Angeles Dodgers Desemba 2023, miaka 10. Ila sikiliza alivyopanga kulipwa: kila mwaka anapokea milioni 2 tu, na zile milioni 680 zilizobaki ataanza kuzipokea mwaka 2034, milioni 68 kila mwaka hadi 2043. Mwaka uliofuata Juan Soto wa kutoka Jamhuri ya Dominika akampita, milioni 765 kwa miaka 15, na New York Mets.

Hizo ndizo habari zinazofika nyumbani. Mtu anaona ile namba, anamtazama mwanawe anavyotupa mawe kwenye mwembe, anapiga hesabu. Ndiyo maana nataka niwape hesabu nyingine, ninayoijua kwa macho yangu.

Nilipofika Marekani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuza soseji na karanga uwanjani hapo Victory Field. Misimu miwili, 2015 na 2016. Timu ya hapa, Indianapolis Indians, siyo ya ligi kuu. Ni tawi la Pittsburgh Pirates. Kila timu ya ligi kuu, na ziko 30, ina matawi yake chini, jumla timu 120, na kijana anapanda ngazi moja moja. Kwa Pirates anaanzia kwenye kambi ya vijana, halafu Bradenton kule Florida, halafu Greensboro, halafu Altoona, halafu hapa kwetu, ngazi wanayoiita Triple-A. Kutoka hapa, akiitwa, ni Pittsburgh. Wengi hawaitwi. Anaweza kukaa hapa miaka mitatu, minne, amebakiza ngazi moja tu, na siku moja anaambiwa akusanye vitu vyake arudi kwao.

Mimi nikimaliza kufagia kibanda, saa tano au saa sita usiku, nawaona wale wa timu ya wageni wanapanda basi. Begi mgongoni, mto wa kulalia kwapani. Kijana wa miaka 23, ana mke, ana mtoto mchanga, na anayeuza soseji ana uhakika wa mshahara wa mwezi wa kwanza kuliko yeye. Sitanii. Enzi hizo walilipwa miezi ya mechi tu. Ile miezi ya maandalizi, wanafanya mazoezi kila siku asubuhi hadi jioni, mshahara hakuna. Walikuwa wanapanga nyumba moja watu watano, sita, wengine wanalala kwenye magodoro ya upepo.

Walikwenda mahakamani. Kesi ilifunguliwa 2014, ikamalizwa 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 185. Mwaka huohuo vijana wa ligi za chini wakaingia kwenye chama cha wachezaji, na Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja katika historia. Kima cha chini cha Triple-A kikawa dola 35,800 kwa mwaka. Double-A, ile ngazi ya Altoona, 30,250. Kambi ya vijana 19,800, na hao zamani walikuwa hawafikishi hata 5,000. Malazi nayo sasa ni juu ya timu. Najua mkizidisha kwa shilingi mnaona ni utajiri. Kwa maisha ya huku, mtu mwenye familia na 35,800 anahesabu kila senti.

Sasa tazameni huo mruko: siku anapoitwa ligi kuu, kima cha chini mwaka huu 2026 ni dola 780,000. Ngazi moja tu. Ndiyo maana wanavumilia lile basi.

Dada wa Kigali ameuliza kama kuna Mwafrika amewahi kufika. Hapa acheni nitulie kidogo, maana hili ninalo moyoni.

Msimu wa 2016, kwenye timu hii hii ya Indianapolis, kulikuwa na kijana mweusi mwembamba, mdakaji hodari sana wa mipira ya chini. Wateja walikuwa wananiambia, "Yule anatoka Afrika, kama wewe." Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na wao walikuwa wakiishi kwenye chumba kidogo palepale klabuni. Mtoto akifungua mlango, uwanja huu hapa. Pirates walimsajili 2008. Aprili 26, 2017, akaitwa. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Usiku ule Pirates wanacheza na Chicago Cubs, anaingizwa katikati ya mechi, anayemrushia mpira ni Jon Lester, mtu mwenye jina kubwa. Gift akaupiga ule mpira, akafika besi ya kwanza. Mzaliwa wa Afrika wa kwanza katika ligi hiyo yote, na mara yake ya kwanza kushika gongo amefanikiwa. Mimi nilikuwa nimeshaacha ile kazi, nilikuwa nyumbani na mtoto mchanga, nililia hadi majirani wakagonga ukuta. Mama yake hakuiona siku ile. Alikuwa ameshafariki.

Hakudumu sana. Alicheza mechi chache Pittsburgh, chache nyingine Toronto mwaka 2018, basi. Kuna watu wanaandika kwamba alishindwa. Kwangu mimi, mtu aliyepanda kutoka chumba kile hadi pale kwa miaka tisa hajashindwa, na anayesema hivyo nitabishana naye hadi asubuhi.

Haya, mzozo wa Desemba. Huu ndio mmeuulizia zaidi, na ni mkubwa kweli.

Mkataba kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1 mwaka huu. Wamiliki kadhaa wamesema wazi wanataka kikomo cha mishahara, kwamba timu isivuke kiasi fulani. Michezo mingine mikubwa ya hapa inacho. Besiboli haina. Ina kodi tu: ukivuka kiwango, unalipa faini kwa ligi. Dodgers mwaka 2025 walivuka hadi kodi peke yake ikazidi dola milioni 160, wakati Miami mishahara yao yote haikufika milioni 100. Na Dodgers ndio mabingwa, 2024 na 2025 mfululizo. Fainali ya juzi na Toronto ilikwenda hadi mechi ya saba, ikaongezwa muda, nilikesha. Kwa hiyo wamiliki wanasema: mnaona, pesa inanunua kombe.

Hoja yao siidharau. Mimi ni mtu wa Pirates, na Pirates hawajachukua kombe tangu 1979. Nimeshaona vijana wazuri wakikomaa hapa Indianapolis, wakipanda, kisha wakinunuliwa na matajiri. Yupo Paul Skenes, mrushaji. Aprili 2024 nilimtazama hapa na uwanja ulikuwa umejaa kwa ajili yake peke yake. Mwaka jana akachukua tuzo ya mrushaji bora wa National League kwa kura zote. Mshahara wake wa msingi mwaka huo? Haukufika milioni 1. Alipata pesa nzuri siku ya kusajiliwa, milioni 9.2, hilo sifichi. Lakini sheria inasema mpaka utimize miaka sita ya ligi kuu ndipo uwe huru kuchagua timu, na mwaka mmoja unahesabiwa kwa siku 172 za kuwa kwenye kikosi. Miaka mitatu ya mwanzo, karibu unapokea unachopewa. Mrushaji anaweza kuumia kiwiko kabla hajafika huko. Upasuaji wake unachukua mwaka mzima na zaidi kupona, na siku hizi wanaumia wengi mno kwa sababu kila mmoja anatakiwa arushe kwa kasi ya kutisha.

Ndiyo maana kwenye ugomvi huu nipo upande wa wachezaji. Kikomo hakimgusi sana Ohtani. Mnaambiwa ni vita ya matajiri na matajiri, lakini wachezaji wengi katika ligi ile ni wa kukaa miaka miwili mitatu na kuondoka, na pesa ya hao ndiyo itakayobanwa. Isitoshe, Milwaukee ni mji mdogo, timu isiyo na mabilioni, na 2025 walishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote. Mwenye timu akitaka kujenga, anajenga. Wapo wasiotaka.

Wasipoelewana, wamiliki wanaweza kuwafungia wachezaji milango. Walifanya hivyo Desemba 2021, siku 99. Mwaka 1994 wachezaji ndio waligoma, Agosti 12, kwa sababu ya kikomo hichohicho, na fainali hazikuchezwa kabisa. Hapa Indianapolis mechi zingeendelea, kwa kuwa mkataba wa ligi za chini ni mwingine na unakwenda hadi 2027. Lakini kila timu ina orodha ya wachezaji 40, na waliomo humo wanafungiwa hata kama wanacheza Triple-A. Yaani yule aliyebakiza ngazi moja ndiye anayezuiwa mlangoni, bila mshahara. Huyo ndiye ninayemuwaza.

Kuhusu kubeti. Mmeuliza kama huku nako kuna mikeka. Ipo, tangu 2018 mahakama kuu ya nchi iliporuhusu majimbo yaamue. Novemba mwaka jana warushaji wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa kwamba walirusha mipira fulani kwa makubaliano na watu waliokuwa wanaibetia. Wote wawili wamekana, kesi ipo mahakamani, kwa hiyo siwahukumu. Ila fikirini: mtu anaweza kubeti mpira mmoja tu, utakuwa wa kasi gani, utakuwa mzuri au mbaya. Baada ya hapo ligi na makampuni wakakubaliana dau la mpira mmoja lisizidi dola 200, na lisiingizwe kwenye mkeka. Mimi ningelifuta kabisa. Nimeona nyumbani Tanga vijana wanavyomalizikia kwenye vibanda vile, na sioni kwa nini mchezo wenye pesa kiasi hiki uzitamani na zile.

Refa wa mashine, haraka haraka: ndiyo, anaanza ligi kuu msimu huu. Refa binadamu anabaki, ila mrushaji, mdakaji au mpigaji akiona ameonewa anagusa kofia yake, kamera zinaamua. Kila timu ina nafasi mbili, na ukiwa sahihi hupotezi yako. Sisi wa Triple-A tumeuona kwa miaka kadhaa, na watoto wanaupenda, uwanja mzima unanyamaza kusubiri jibu kwenye skrini.

La mwisho, kijana wa Dar. Umeandika una miaka 17, unafanya mazoezi kwenye ule uwanja wa besiboli wa Azania waliotusaidia Wajapani, unataka kujua uanzie wapi. Mdogo wangu, nakujibu kama ambavyo ningemjibu mwanangu.

Njia ipo. Ninyi mnaokaa Afrika hampitii ule mgawo wanaoufanya kila Julai, timu zikichagua vijana wapya kwa zamu, timu inaweza kukusajili moja kwa moja kuanzia miaka 16. Dodgers mwaka 2022 waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Dennis Kasumba naye, yule mdakaji wa Uganda anayejulikana kwa video zake za mazoezi na matairi, 2023 alifika kucheza Frederick, Maryland. Na Waganda hawakuanza jana. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport wakanyimwa viza, kwa sababu nyaraka za umri hazikulingana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafuzu, safari hii wakafika, na wakamfunga Mmarekani mechi moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujatafuta glavu mpya: nenda RITA, hakikisha cheti chako cha kuzaliwa ni halali na tarehe inalingana na ya shuleni na ya pasipoti. La pili, mtu yeyote akikuomba pesa akusajili timu ya Marekani, hata akiwa na kofia na fulana ya timu, mkimbie. Timu inayokutaka ndiyo inayolipa. La tatu, usiache shule. Vyuo vya huku vinatoa ufadhili kwa wachezaji, na walimu wako wanaweza kukuandikia barua.

Nitumie video. Jipige ukiwa umesimama pembeni, mwili mzima uonekane, mipira kumi, usichague mizuri tu. Indians wakifungua msimu nitakuwa pale kwenye nyasi, na ninamfahamu mzee mmoja anayefundisha watoto wa mtaa wetu, alirusha miaka sita kwenye ligi za chini. Nitamwonyesha, na atakachosema nitakuletea kama kilivyo, kitamu au kichungu.

Kahawa imepoa. Naingia kazini saa nane, ngoja nikatoe theluji kwenye gari.