Jinsi ya kupanga njia ya kuwasili kwenye FMC bila kupotezwa na herufi moja

Karibuni tena, wapenzi wa simuleta. Leo tuko ndani ya Boeing 757, ni usiku, tunashuka kutoka kaskazini kuelekea Cali, Kolombia. Sikuichagua Cali kwa bahati. Tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya American Airlines, safari namba 965 kutoka Miami, iligonga mlima karibu na mji wa Buga ikiwa na watu 163. Walionusurika ni 4 tu. Ndege haikuwa na hitilafu, wala hali ya hewa haikuwa tatizo. Kosa lilipitia kwenye kibodi hiki kidogo mnachokiona katikati ya viti vya marubani, kibodi cha FMC, yaani kompyuta inayopanga njia ya ndege.

Tuanze na chati. Uwanja umelala bondeni, futi 3,162 juu ya usawa wa bahari, na bonde lenyewe linanyooka kaskazini hadi kusini. Pande zote mbili ni milima, mingine inafika futi 14,000. Rada ya eneo hili ilikuwa imelipuliwa na waasi mwaka 1992, kwa hiyo mwongoza ndege alijua ndege ilipo kwa kuambiwa na marubani wenyewe. Zima basi na wewe ramani ya simuleta, ile inayokuonyesha ulipo. Bila hivyo zoezi hili ni mchezo wa watoto.

Hatua ya kwanza: ukibadilishiwa njia ya kutua, piga hesabu kabla ya kukubali. Marubani wale walijiandaa kupita juu ya uwanja, wageuke, watue njia ya kutulia namba 01 wakitokea kusini. Mwongoza ndege akawauliza kama wanaweza kwenda moja kwa moja njia ya 19, yaani kutua wakitokea kaskazini walikokuwa. Miami walikuwa wamechelewa kuondoka kwa kama saa mbili, wakakubali. Hesabu ni rahisi: kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili 3. Ukiwa futi 20,000, una futi 17,000 za kupoteza, yaani maili 51. Kama zimebaki 40, kataa, au omba nafasi ya kuzunguka angani kwanza. Hakuna mwongoza ndege atakayekununia kwa hilo.

Hatua ya pili: kwenye FMC fungua ukurasa wa LEGS, wenye orodha ya pointi za njia yako. Andika CLO, kituo cha Cali, kisha ukiweke mstari wa kwanza kabisa. Mmeona? Pointi zote za katikati zimefutika. Ndivyo ilivyopotea Tulua, pointi ambayo mwongoza ndege alikuwa akisubiri waripoti wakiipita. Baadaye wakawa wanaitafuta na haipo kwenye orodha. Kwa hiyo kabla ya kufupisha njia, nenda ukurasa wa FIX, andika ULQ, ambayo ndiyo Tulua. Sasa hata ukiifuta kwenye njia, alama yake inabaki kwenye skrini ya ramani iliyo kwenye dashibodi ya ndege.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoua, kwa hiyo hapa tusiharakishe. Marubani waliomba kwenda moja kwa moja Rozo, kituo cha redio kilicho karibu na uwanja. Kwenye chati ya karatasi Rozo ina alama ya R. Wakaandika R. Kompyuta ikaleta orodha ya vituo vyenye herufi hiyo, na cha juu kabisa kilikuwa Romeo, karibu na Bogotá, maili 132 kutoka Cali, upande wa mashariki-kaskazini-mashariki. Romeo na Rozo zilikuwa na herufi moja na masafa yale yale. Rozo yenyewe haikuwemo kwenye orodha hiyo; ilibidi iandikwe kwa jina kamili.

Orodha ya namna hii ikitokea, acha mazoea ya kubonyeza ya kwanza. Soma latitudo na longitudo ya kila kituo, ulinganishe na chati. Ukishachagua, usiguse EXEC bado, kitufe cha kuthibitisha mabadiliko. Angalia skrini ya ramani: njia mpya inachorwa kwa mstari mweupe uliokatika-katika. Uwanja uko mbele yako, kusini. Mstari ukipinda kushoto kuelekea milimani, futa.

Hatua ya nne: soma kwa sauti. Kwenye ndege halisi rubani wa pili anathibitisha kabla EXEC haijabonyezwa. Wewe uko peke yako sebuleni, basi toa mkono kwenye kipanya, taja jina la pointi, uelekeo na umbali, halafu ndio ubonyeze. Jirani akikusikia, shauri yake.

Hatua ya tano: ukishapotea. Ndege ile iligeuka kushoto ikaendelea kushuka. Walipogundua wakageuza kulia kurudi bondeni, bado wakishuka, na katikati kulikuwa na mlima. Onyo la ardhi lililia sekunde kama 12 kabla ya kugonga. Wakasukuma nguvu zote na kuvuta pua juu, lakini breki za hewa mgongoni mwa mabawa zilikuwa bado zimesimama. Kwenye 757 hazirudi zenyewe. Kama zingelazwa mara moja, huenda ndege ingepita juu ya kilele.

Kwa hiyo utaratibu wako uwe huu: simamisha kushuka, mkono kwenye wenzo wa breki za hewa uurudishe mbele, panda hadi urefu salama ulioandikwa kwenye chati. Kuuliza “tuko wapi?” kunakuja baada ya hapo.

Sasa irudishe ndege juu futi 20,000, ikiwa kaskazini ya Tulua, jiwekee njia ya 19 ghafla, uanze tena. Safari hii washa saa: uone hesabu ya hatua ya kwanza inakula sekunde ngapi, na unishushie jibu hapo chini.