Kurekebisha urefu wa mbele toka chini kwenye gari ya zamani: mazungumzo ya Jumamosi, gereji ya Ngamiani, Tanga

Haya jamani sogeeni, wale wa nyuma ingieni ndani jua kali, asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Bahati gari tunayo hapahapa, Porsche 911 ya mwaka 1970, na mwenyewe karuhusu tuiguse.

Inameni muone. Springi ya kujizungusha hakuna. Hiyo shokapu haibebi gari, inazuia tu isidundedunde. Kinachobeba ni hiki chuma kama nondo kimelala ndani ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, kinaitwa tosheni ba, mkono ukipanda chenyewe kinajinyonga, na kule kujinyonga ndio springi. 911 zimetumia hii mbele mpaka 1989. Huku mwisho kuna kimkono kinasukumwa na bolti, ukikaza pua inapanda, ukilegeza inashuka. Basi, kuzungusha hata mtoto ataweza.

Kazi iko kwenye kupima. Vijana wengi wanapima toka chini mpaka ukingo wa madigadi, sasa gari ina miaka zaidi ya 50, imegongwa, imenyooshwa kwa nyundo, huo ukingo utauaminije? Pima sakafuni mpaka katikati ya gurudumu, kisha sakafuni mpaka katikati ya tosheni ba, toa. Kwa 911 za soko la Ulaya kipimo cha kiwanda ni milimita 108, na kushoto na kulia visipishane zaidi ya 5. Sakafu iwe sawa, upepo wa matairi uwe sawa, na tangi lijae, kwa sababu tangi la hii liko mbele, lita 62, likijaa ni kama kilo 45 zimekaa juu ya pua.

Mimi nilipoanza kushika hizi gari niliharibu ya mtu. Nilipiga jeki, nikakaza, nikashusha, nikapima palepale, naona iko juu, nikalegeza, nikapima tena, bado iko juu, nikalegeza tena. Mwenyewe akaondoka nayo, hata Pongwe hajafika kila shimo mbele inagota, ngu, ngu. Kumbe ukishusha jeki matairi yanakuwa yamejikunja kwa ndani na yameng'ang'ania sakafu, gari inabaki imening'inia juu, haijakaa. Kwa hiyo ukishusha isukume mbele mita kadhaa, irudishe, ikandamize pua mara tatu nne, ndio upime. Ukigusa kulia nenda kapime na kushoto, maana upande mmoja unauvuta mwingine.

Na sisi wa Tanga tuna chumvi ya bahari. Kabla hujagusa bolti chukua bisibisi, gonga pale chini ya tangi mkono unaposhikwa. Ikizama, acha, hapo anatakiwa fundi wa kuchomelea kwanza, ukikaza utakuwa unakaza kutu.

Kuna mtu kaniuliza kuishusha zaidi ipendeze. Kwa barabara zetu mimi siungi mkono kabisa, ukienda njia ya mashimo raba za kugotea zitakwisha upesi, halafu ukishusha na matairi yanabadili mwelekeo, itakula ubavu mmoja. Urefu ukibadilika lazima alaimenti ifuate, na taa pia zipangwe upya.

Haya, wewe mwenye tepu njoo huku mbele, wengine tuisukume mpaka mlangoni tuirudishe, tuone imekaa ngapi.