Catalina na madumu ya maji

MWANAIDI: Salim, waambie watu ulipotea wapi wiki hii.

SALIM: Nilikuwa Mtongwe, dada. Ami kanunua injini ya mashua, mtumba. Kila ikitoka baharini tunaipitisha maji matamu, chumvi isiilie ndani. Kipevu iko pale ng'ambo, basi akili ikaenda kwa zile Catalina, ndege za vita za kutua majini.

MWANAIDI: Mnamjua huyu na Catalina zake.

SALIM: Si zetu? Mwaka 1943 kikosi namba 259 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa upya papo hapo Kipevu, Mombasa hii, kuwinda nyambizi Bahari Hindi. Ile iliyoko Duxford, Uingereza, iliundwa Kanada mwaka uo huo, na bado inarushwa kwenye maonyesho.

MWANAIDI: Nami leo nina mambo matatu ya kuifanya iendelee kuruka: vipuri, marubani, pesa. Tuanze na...

SALIM: Tuanze na maji. Tuseme imekuja hapa: ikitua baharini inaoshwaje?

MWANAIDI: Kwa maji matamu, yote. Tumbo, vyumba vya magurudumu, kila ribiti. Chumvi ikijificha kwenye maungio inaila aluminiamu kwa ndani huku rangi yang'aa.

SALIM: Mabawa yale ni mita 31 na ushei. Madumu mangapi?

MWANAIDI: Kodi mikokoteni yote ya Kongowea.

SALIM: Na wasiteke kisimani! Visima vyetu vina chumvi.

MWANAIDI: Yawe ya chemchemi ya Mzima, na siku hiyo mfereji uwe unatoka.

SALIM: Ukikatika bawa moja limeshaoshwa?

MWANAIDI: La pili lingoje Alhamisi! Ndiyo nasema, isitue majini. Magurudumu inayo. Itue kwenye lami, ipite chini watu waione.

SALIM: Hapo sikubali. Mtoto akiiona inatua kwenye lami, kaona ndege kama nyingine. Ile iliundwa ipasue maji.

MWANAIDI: Na mjukuu wake ataona nini? Oktoba 2019 hiyo ya Duxford ilikwama Loch Ness, injini imegoma, mpaka ikanyanyuliwa kwa kreni. Na lile ni ziwa, halina chumvi!

SALIM: Iliyogoma ni injini. Ingegoma popote.

MWANAIDI: Kwenye lami fundi anaifikia kwa ngazi.

SALIM: Basi ipeleke makumbusho, tumalize.

MWANAIDI: Usinitie maneno kinywani. Nataka iendelee kuruka, Salim. Kila ikigusa maji unaipunguzia umri.

SALIM: Na isipoyagusa, mimi naihesabu imeshastaafu.

MWANAIDI: Mimi naihesabu iko salama.

SALIM: Haya, tumeonyeshwa vidole viwili. Dakika mbili.

MWANAIDI: Na vipuri sijavigusa! Injini zake ni Pratt & Whitney Twin Wasp, jamii moja na za ndege za Dakota, kwa hivyo mwenye kutafuta silinda...

SALIM: Wiki ijayo, dada.

MWANAIDI: Wiki ijayo nafungua mimi, na maji hayatajwi.

SALIM: Hilo siahidi.