Betri ya Pili: Vichocheo vya Nano na Haidrojeni Itokayo Majini

Ndugu wasikilizaji, glasi hii ina maji ya bomba la hapa Arusha, niliyoyatia kijiko kimoja cha magadi, haya haya tunayolainishia makande, ili yapitishe umeme vizuri. Chumvi ya mezani niliikwepa kwa sababu ingetoa klorini, gesi ya sumu. Nimechovya viini viwili vya penseli na kuviunganisha na betri moja ya volti 1.5, mlioketi mbele ni mashahidi kwamba hakuna mapovu ya maana. Sasa naongeza betri ya pili. Mapovu hayo ya upande wa hasi ndiyo haidrojeni.

Kwa hesabu ya nishati, kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni katika nyuzi 25 za Selsiasi kunahitaji volti 1.23 tu. Betri ya kwanza ilikuwa na zaidi ya hizo, na bado haikufua dafu. Kumbe ili mmenyuko uende, tunatozwa volti za ziada juu ya hizo 1.23. Kazi ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, ni kupunguza ziada hiyo, ambayo sehemu yake kubwa hudaiwa na upande wa oksijeni, yaani ule wa chanya, ambako molekuli mbili za maji hunyang'anywa elektroni nne, hatua kwa hatua, ndipo ipatikane molekuli moja ya oksijeni.

Mmenyuko huu hufanyika juu ya uso wa kichocheo. Mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukiugawa katika michemraba ya nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), metali ni ileile, lakini uso unafika mita 600 za mraba. Ndiyo maana iridi, metali adimu na ghali kupindukia inayotumika katika mitambo ya kutenganisha maji ambayo pande zake mbili hutengwa na utando wenye asidi, hutandazwa kwa chembe ndogo mno. Mimi matumaini yangu yako zaidi kwenye haidroksidi ya nikeli na chuma, inayooteshwa kama vijikaratasi juu ya sponji ya nikeli na kufanya kazi katika maji ya alkali (na nikeli hata sisi tunayo, kule Kabanga, mkoani Kagera). Vijikaratasi hivyo vina faida nyingine isiyosemwa sana: mapovu hubanduka yakiwa bado madogo, kabla hayajaziba uso.

Hata hivyo, matokeo ya saa chache maabara hayanishawishi, kwa kuwa mtambo hutakiwa kufanya kazi maelfu ya saa, ilhali chembe hizo huungana, huyeyuka au hubanduka. Tazameni tena glasi: tangu nianze kuzungumza, maji yaliyo karibu na kiini cha upande wa chanya yameanza kuingia weusi, maana kaboni yenyewe inamomonyoka.